Tumeharibu nini?

Siku ya kwanza nilipokutana na wapimaji wa kijito nilijitambulisha kwa maneno ambayo leo nisingeyatumia. Nilisema, "Nimekuja kupima athari ya mradi wenu." Mama mmoja aliyekaa karibu na mlango, daftari lake la vipimo likiwa magotini, alinitazama kidogo kisha akauliza, "Kwani tumeharibu nini?"

Hakuwa anachokoza. Lugha iko upande wake. Athari za ukame, athari za mafuriko, athari za moshi wa sigara: masikioni mwa watu wengi neno hili huja limefuatana na hasara. Sisi wa tathmini tumelipa maana ya badiliko lolote la kudumu, liwe zuri au baya, bila kuwaarifu wenye lugha. Nikamweleza, akaridhika, tukaendelea. Miezi mitano baadaye aliyeharibu nikawa mimi, na aliyeumia akawa yeye.

Mradi ulikuwa wa sayansi ya wananchi, yaani utafiti ambao watu wa kawaida hushiriki kuukusanyia data. Ulikuwa na wapimaji 31, wote wa kujitolea, waliogawana vituo 12 kando ya kijito. Kila juma mtu anashuka kituoni kwake na kupima joto la maji. Kisha anayamimina kwenye mrija mrefu wenye alama chini, huku akichungulia kutoka juu, mpaka alama isionekane tena. Hapo anajua tope ni kiasi gani. Mwisho anachovya kikaratasi kinachobadilika rangi kuonyesha naitreti, kemikali inayoingia majini kutoka kwenye vitu kama mbolea na maji taka. Mara moja kila miezi mitatu wanageuza mawe na kuhesabu wadudu waliojificha chini yake, maana wako wadudu wa majini wasiovumilia uchafu, na wakitoweka wanakuwa wamesema jambo ambalo kikaratasi hakikulikuta siku ile.

Mimi mwenyewe nilitokea huko. Kabla ya kusomea tathmini nilipima mvua kwa ajili ya mradi mmoja kwa miaka mitatu, kila siku saa moja asubuhi, na katika miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kuniambia namba zangu ziliishia wapi. Nilipoacha, hakuna aliyeuliza. Kwa hiyo nilipopewa kazi hii niliamini kwamba nitakuwa mtathmini mwenye huruma. Sasa najua kwamba huruma bila utaratibu haimlindi mtu.

Mfadhili alitaka majibu matatu: je, sayansi imefaidika, je, kijito kimefaidika, na je, watu wamebadilika? La kwanza lilikuwa na njia yake: unachukua vipimo vya wananchi na vya maabara kutoka kituo kilekile, siku ileile, unaviweka pamoja na kuangalia vinaachana kwa kiasi gani. La pili linahitaji miaka na uvumilivu. La tatu nikalitungia dodoso la maswali 58, la kujazwa mwanzo na mwisho wa mwaka. Yalikuwamo maswali ya kupima maarifa, ya kupima mtazamo kuhusu sayansi, na hata ya kuuliza mtu anajiona ana uwezo kiasi gani, kutoka moja hadi tano.

Mzee mmoja wa kituo cha 2 alinirudishia lake likiwa tupu. "Mwanangu," akasema, "mimi nimekuja kupima maji. Mtihani niliumaliza zamani."

Nililichukulia jibu lake kuwa ukaidi wa uzee. Baadaye nikalikuta tatizo hilohilo kwenye maandishi ya watu walionitangulia. Utafiti uliochapishwa mwaka 2005 kuhusu mradi wa viota vya ndege wa Cornell Lab of Ornithology, taasisi ya utafiti wa ndege nchini Marekani, ulionyesha kwamba washiriki waliongeza maarifa yao ya biolojia ya ndege, lakini mtazamo wao kuhusu sayansi, na uelewa wao wa namna sayansi inavyofanyika, haukuonyesha badiliko la maana. Ukiishia hapo utasema mradi ulishindwa nusu. Lakini mwaka 2000 ulikuwa umechapishwa utafiti mwingine kutoka taasisi hiyohiyo, juu ya mradi wa kuchunguza ndege wanapenda mbegu zipi. Watafiti waliacha dodoso kando wakasoma barua zaidi ya 700 ambazo washiriki waliziandika kwa hiari yao. Karibu asilimia 80 ya barua hizo zilionyesha watu wakifikiri kama wanasayansi: wakishuku, wakikisia sababu, wakilinganisha. Na watafiti wenyewe walikuwa waangalifu, hawakudai kwamba mradi ndio uliowafundisha kufikiri hivyo. Inawezekana wengine walikuja na mazoea hayo tayari. Naupenda sana uangalifu huo. Mtu mzima haingii kwenye mradi akiwa chombo kitupu kinachosubiri kujazwa nawe, halafu upimwe ujazo wake mwisho wa mwaka.

Nilipousoma utafiti wa barua nikakumbuka safu ya mwisho kwenye madaftari ya vipimo, iliyoandikwa "Mengineyo". Iliwekwa kwa ajili ya mambo kama "mvua ilinyesha jana usiku" au "mrija umepasuka". Nikaomba madaftari yote, nikasema ni kwa ajili ya kuhakiki namba, nami kweli nilihakiki. Halafu nikaanza kusoma safu ile.

Nilikesha nayo. Mtu mmoja alikuwa ameandika kwa majuma tisa mfululizo kwamba povu linaonekana asubuhi tu, halafu juma la kumi akaandika, "Nimerudi jioni kuhakikisha. Jioni halipo. Kuna mtu anafungulia kitu usiku." Hilo ndilo jambo ambalo swali langu la 17 lilijaribu kulipima kwa kuuliza, "Je, unaelewa umuhimu wa kurudia kipimo?" Mwingine alikuwa akibishana na kikaratasi cha naitreti: rangi anayoiona yeye si ile anayoiona mwanawe, basi wakakubaliana kusoma wote wawili na kuandika zote mbili. Nikaona nimepata hazina. Nikapiga picha kurasa, nikanukuu, nikapanga nukuu kwa mada.

Na katikati ya hizo kulikuwa na sentensi ya mama yule, imeandikwa chini ya joto la maji kwa mwandiko uleule mdogo: "Leo nimekaa kuliko kawaida. Nyumbani kimya kimezidi tangu aondoke."

Niliiweka kwenye ripoti. Niliona ni ushahidi kwamba mradi unawapa watu faraja, na bado naamini ni kweli. Kwenye mkutano wa kuwasilisha matokeo iliandikwa ukutani kwa herufi kubwa, na chini yake, "Mshiriki, kituo cha 7". Nilikuwa nimeondoa jina, kama nilivyofundishwa. Lakini ukumbi mzima ulijua nani anapima kituo cha 7. Nilimwona akifunga daftari lake polepole, akaliweka mkobani, akabaki ameketi mpaka mwisho kwa sababu ni mtu wa heshima. Mlangoni aliniambia jambo moja tu: "Yale niliyaandikia kijito."

Kituo cha 7 hakikupimwa kwa majuma mawili. Tangu mradi uanze, pengo kama hilo halikuwahi kutokea pale.

Sasa, kwa karatasi nilikuwa sina kosa. Wote 31 walitia saini fomu iliyosema kwamba data zitakazokusanywa zitatumika kwa utafiti. Lakini alipotia saini, yeye na mimi sote tulielewa kuwa "data" ni nyuzi za joto na rangi ya kikaratasi. Kuna kisa mashuhuri kinachohusu jambo hili, ingawa si cha sayansi ya wananchi. Kuanzia mwaka 1990 watu wa kabila la Havasupai nchini Marekani walitoa damu kwa watafiti wa Arizona State University, wakiamini ni kwa ajili ya kuchunguza kisukari, ugonjwa uliokuwa ukiwaandama. Baadaye waligundua kwamba damu ileile ilitumiwa kwenye tafiti za maradhi ya akili na za asili ya kabila lao, mambo ambayo wasingeyaridhia. Mwaka 2010 chuo kilikubali kulipa dola 700,000 na kurudisha sampuli zilizobaki. Sentensi moja ya daftari si damu, najua. Lakini njia niliyopita ilikuwa ileile: ruhusa ya kitu kimoja niliitumia kuchukua kitu kingine.

Nilikwenda kumwomba radhi. Nilidhani ataniambia niifute sentensi, nami nilikuwa tayari nimeshaifuta. Hakusema hivyo. Alisema, "Unionyeshe yote mliyoandika juu yetu." Yote. Ripoti ilikuwa na kurasa 42, imeandikwa kwa ajili ya mfadhili, na kati ya wapimaji 31 hakuna hata mmoja aliyewahi kuishika. Tuliisoma pamoja kwa alasiri mbili. Nilipofika mahali palipoandikwa "washiriki wa kipato cha chini wenye elimu ndogo" sauti yangu iligoma. Nilimaliza sentensi kwa sababu alikuwa amesema yote. Hakuna kilichonifunza kazi yangu kama kulazimika kuisoma kwa sauti mbele ya mtu niliyemwandika.

Tangu siku hiyo nina sharti moja ambalo sitaki kulijadili na mtu: hakuna neno ninaloandika kuhusu wapimaji ambalo litamfikia mfadhili kabla halijawafikia wao, kwa lugha wanayoisoma. Linachelewesha kazi kwa majuma matatu au manne. Ninaliandika kwenye bajeti mapema.

Misingi kumi ya sayansi ya wananchi ambayo jumuiya ya Ulaya ya fani hii, ECSA, iliitoa mwaka 2015 inasema washiriki wapewe mrejesho na watambuliwe kwenye matokeo, na inasema pia kwamba miradi ipimwe kwa mazao yake ya kisayansi, ubora wa data, uzoefu wa washiriki na athari pana kwa jamii na sera. Ni misingi mizuri, nami huirejea mara kwa mara. Ila mtu anaweza kuitimiza yote kwa kuweka alama ya tiki na bado akatenda nilichotenda mimi, kwa sababu kipimo cha "uzoefu wa washiriki" chenyewe ndicho nilichokuwa nakitafuta nilipofungua safu ile.

Madaftari mapya yana safu mbili. Moja ni "Mengineyo kuhusu maji", nayo inasomwa na kila mtu. Nyingine ni ya mwenye daftari. Iko upande wa pili wa ukurasa, na atakayetaka tuisome anakunja pembe ya ukurasa huo. Wazo la kukunja pembe lilitoka kwa wapimaji. Mimi nilikuwa nimeandaa fomu.

Kisha lipo suala la saa. Kila kipimo kina tarehe, saa na mahali, na bila hivyo hakina thamani. Lakini mtu mmoja akipima kila Jumanne saa kumi na mbili na dakika arobaini asubuhi, kwa miaka minne, jedwali linamweleza yeyote anayelisoma kwamba kila Jumanne saa hiyo mtu huyo hayupo nyumbani na yuko peke yake kando ya maji. Tulikuwa tunachapisha jedwali hilo lote kwenye mtandao, kwa fahari, tukiliita data huria, yaani data ambazo yeyote anaruhusiwa kuzisoma na kuzitumia. iNaturalist, mtandao ambao watu huweka picha za viumbe waliowaona, huficha mahali hasa palipoonekana viumbe walio hatarini kutoweka ili majangili wasiwafuate. Nilijiuliza kwa nini nilikuwa nawajali konokono kuliko watu. Sasa saa kamili inabaki kwenye kumbukumbu za ndani, na kinachochapishwa ni tarehe na kama ilikuwa asubuhi au jioni. Wanasayansi wetu walisema hiyo inawatosha kwa karibu kila uchambuzi wanaoufanya.

Baada ya mkasa wa kituo cha 7 niliingiwa na woga, nikaamua kumficha kila mtu. Majina yakawa namba. Ndipo mzee wa kituo cha 2, yuleyule wa mtihani, akanijia na rasimu mkononi, kidole kikiwa juu ya mstari. "Nimepima miaka minne, jua na mvua. Leo mnaniita Mshiriki 14?"

Alikuwa na haki. Tumezoea kudhani kwamba kumheshimu mtu ni kumficha, kwa sababu kanuni zetu nyingi zilitoka hospitalini, ambako mtu ni mgonjwa anayechunguzwa. Mpimaji wa kijito ni mgonjwa na daktari kwa wakati mmoja: ninamchunguza yeye, naye anachunguza maji. Kwa ile kazi yake ya pili anastahili jina. Mwaka 2007 mwalimu wa shule kutoka Uholanzi, Hanny van Arkel, alipokuwa akipanga picha za galaksi katika mradi wa mtandaoni wa Galaxy Zoo, aliona doa la ajabu ambalo wataalamu hawakuwa wamelishughulikia, akauliza ni nini. Leo kitu hicho angani kinaitwa Hanny's Voorwerp. Wachezaji wa Foldit, mchezo wa kompyuta wa kutafuta maumbo ya protini, walipotatua umbo la kimeng'enya cha kirusi cha nyani kilichokuwa kimewashinda wanasayansi kwa zaidi ya miaka kumi, makala ya mwaka 2011 iliyaorodhesha makundi yao miongoni mwa waandishi. Hivyo kwetu sasa kila mtu anachagua mara mbili, na majibu yanaweza kupingana: jina lako liwepo kwenye vipimo? Jina lako liwepo kwenye maelezo yanayokuhusu wewe? Wengi wamesema ndiyo kwa la kwanza na hapana kwa la pili. Mzee amesema ndiyo kwa yote, na ametaka yaandikwe majina yote matatu, la kwake, la baba na la babu.

Kuhusu bidii nitasema kidogo. Watafiti Henry Sauermann na Chiara Franzoni walichambua miradi 7 ya Zooniverse, jukwaa la mtandaoni la sayansi ya wananchi, katika makala ya mwaka 2015, wakakuta kwamba asilimia 10 ya washiriki walio mbele walifanya kwa wastani asilimia 79 ya kazi. Kwetu pia wachache hubeba mengi. Niliwahi kutengeneza jedwali la kuwapanga wapimaji kwa idadi ya vipimo, nikaliondoa siku ya pili baada ya binti mmoja kunieleza kwa nini amepima mara nne tu: alikuwa akimuuguza mzazi. Hakulalamika; aliomba msamaha, na hicho ndicho kilichonikera, kwamba jedwali langu lilimfanya mtu wa kujitolea aombe msamaha. Anayeacha tunamtumia ujumbe mmoja wa kumshukuru na kumwambia vipimo vyake vilitumika wapi. Hatumwulizi sababu. Akitaka ataisema.

Mwaka jana niliwauliza wapimaji swali ambalo ningepaswa kuanza nalo: ninyi mngependa nipime nini? Nilitarajia mambo mengi. Likaja moja, kwa maneno tofauti, kutoka karibu kila kona ya chumba: tunataka kujua kama kuna mtu ameziona namba zetu akafanya jambo.

Basi hiyo ndiyo tathmini ninayoifanya sasa. Nafuata namba. Kipimo kilitoka kituo gani, nani alikisoma, alimpelekea nani, mlango upi ulifunguka na upi ulibaki umefungwa. Watu wa mji wa Flint, jimbo la Michigan nchini Marekani, walilalamikia maji ya bomba tangu yalipobadilishwa chanzo mwaka 2014, wakaambiwa ni salama. Mwaka 2015 walikinga maji majumbani mwao kwa kufuata maelekezo ya watafiti wa chuo kikuu cha Virginia Tech, zikapatikana sampuli 252, matokeo yake yakaonyesha tatizo kubwa la madini ya risasi, na mwezi Oktoba mji ukarudishiwa chanzo chake cha zamani. Pale unaweza kuifuata njia kutoka bombani hadi kwenye uamuzi, ingawa hawakuwa peke yao: walikuwapo pia madaktari waliopima damu za watoto. Njia zetu ni nyembamba zaidi. Katika miaka minne nimeweza kuthibitisha moja tu: povu la asubuhi lilifikishwa kwa wanaohusika na mfereji ulioko juu ya kituo cha 3, wakaja, wakaziba bomba. Nimeandika "huenda vipimo vilichangia". Kuna waliotaka niandike "vilisababisha". Nimewaonyesha nilipokwama, wakaona, tukaacha "huenda".

Rasimu ya mwaka huu nimeigawa juma lililopita. Ina kurasa 9. Dodoso lina maswali matano, na la tano ni "Je, kuna swali hapa lisilonihusu kulijua?" Mama wa kituo cha 7 amekunja pembe za kurasa mbili kati ya zaidi ya hamsini. Nimezisoma hizo mbili tu, na moja inahusu kerengende.

Mzee wa kituo cha 2 ameirudisha nakala yake jana, imejaa wino. Ukurasa wa 6 nimeandika kwamba mwaka wa pili wa mradi kijito kilikauka mara moja. Amekata kwa mstari ulionyooka, akaandika pembeni: "Mara mbili. Mara ya pili ulikuwa hujaja. Mwulize wa kituo cha 5, alikuwapo." Leo alasiri nakwenda kumwuliza.